Kanunue nje: barua ya wazi kuhusu dawa ya selimundu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya na Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Dodoma.
Nakala kwa uongozi wa Bohari ya Dawa na kwa wabunge wote wa Kanda ya Ziwa.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Sengerema. Mimi ni muuza dawa. Duka langu liko mtaa wa nyuma ya stendi, na juu ya mlango kuna kibao cha maandishi ya kijani: Duka la Dawa Muhimu. Cheti kipo ukutani, leseni ipo, friji ndogo ipo na kipimajoto kimo ndani yake. Nauza panadol, dawa mseto ya malaria, ORS na zinki, dawa za minyoo, vidonge vya uzazi wa mpango na antibayotiki chache ambazo duka la daraja langu linaruhusiwa. Dawa iliyo muhimu kuliko zote nyumbani kwangu siruhusiwi kuiuza. Hilo silipingi, maana ni dawa inayotaka daktari na vipimo vya damu. Kinachoniuma ni kwamba hata wanaoruhusiwa mara nyingi hawana, na wakiwa nayo bei inategemea siku uliyoingia dukani.

Jina lake ni haidroksiyurea. Sisi akina mama wa kliniki tunalikata, tunasema haidroksi.

Nina mapacha, Kulwa na Doto, wana miaka saba. Kulwa ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, au selimundu kama mnavyoiandika kwenye hotuba. Doto hana, amebeba kinasaba kimoja tu, kama mimi na kama baba yao. Walipoanza darasa la kwanza niliwashonea sare za kipimo kimoja. Ya Doto sasa inambana mabegani. Ya Kulwa nimeipiga pindo mara mbili na bado inamfika chini ya magoti. Doto ana kilo 23, Kulwa ana 18, na hizo 18 nimezipigania.

Walikuwa na miezi tisa vidole vya Kulwa vilipovimba mikono yote miwili, vikang'aa, akawa hataki kuguswa. Mama mkwe akasema ni kijicho cha watu, mapacha wanaonewa wivu. Jirani akasema ni meno ya plastiki, yang'olewe. Mimi mwenye cheti ukutani nikampa panadol ya maji na antibayotiki ambayo hakuihitaji. Nayasema haya ili mjue kwamba wakati ule nilikuwa nimeshauza dawa miaka sita, na nilikuwa sijawahi kufundishwa kwamba mtoto wa Kanda ya Ziwa akivimba vidole apimwe sikoseli. Alipimwa baada ya wiki mbili, na ni kwa sababu nesi mmoja aliyezoea kununua kwangu alimwona amekaa juu ya kaunta.

Miaka mitatu iliyofuata tuliishi na penisilini, foliki asidi na dawa ya kuzuia malaria. Tuliambiwa anywe maji mengi, asipigwe na baridi. Ni ushauri mzuri na bado naufuata. Lakini mwaka 2021 Kulwa alilazwa mara sita. Nina uhakika na hiyo sita kwa sababu ni mtu wa madaftari. Duka lisiloandikwa linakufa. Kurasa za nyuma za daftari la duka niliandika matumizi ya Kulwa kama ninavyoandika mzigo unaoingia: nauli, kivuko, kitanda, dripu, FBP (kile kipimo cha picha nzima ya damu), chakula cha anayemuuguza. Jumla ya mwaka ilifika shilingi 840,000, bila kuhesabu siku ambazo duka lilifungwa. Mara tatu aliwekewa damu. Damu haiuzwi, mnasema, na ni kweli haiuzwi. Ila mtu aliyewahi kuzunguka akitafuta wa kuchangia ili chupa irudishwe ndiye anayejua inagharimu nini. Alichangia baba yake, akachangia shemeji yangu, na mara ya tatu alichangia kijana wa bodaboda ambaye tulikuwa hatumjui hata jina. Alikubali soda, hela akazikataa.

Mei 2022, katika hospitali moja ya Mwanza ambayo sina haja ya kuitaja, daktari kijana alisoma faili la Kulwa kuanzia mwanzo, akaguna, akaandika jina la dawa kwenye karatasi. Kisha akasema, "Mama, hii kanunue nje. Hapa hatuna."

Waheshimiwa, huenda hamjawahi kufika Nje. Ni mkoa mkubwa ambao haumo kwenye ramani. Unaanzia kwenye geti la hospitali, unapita maduka yote ya dawa ya mtaa ule, unaendelea hadi Dar es Salaam na wakati mwingine unavuka mpaka. Duka la kwanza siku ile hawakuwa nayo. La pili hawakuwahi kuisikia, wakanionesha dawa nyingine yenye jina la kufanana. La tatu walikuwa nayo, kidonge shilingi 1,500. La nne shilingi 1,000, lakini vilikuwa vimebaki kumi na muuzaji hakujua vingine vitakuja lini. Nilinunua vyote kumi. Vilivyofuata viliagizwa kwa simu kutoka Dar, vikaja kwa basi la usiku ndani ya boksi la biskuti, na mimi ninayekaguliwa joto la friji yangu sikujua boksi lile lilikaa juu ya injini au wapi.

Halafu kuna suala la kipimo, ambalo sijalisikia likisemwa bungeni hata siku moja. Dawa inayopatikana huku ni kapsuli, zile watu wanaziita rangi mbili, za miligramu 500. Mtoto anatakiwa apate kama miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kulwa alikuwa na kilo 13, kwa hiyo alihitaji takribani nusu ya kapsuli. Kapsuli haikatwi. Nilielekezwa niifungue, niyeyushe unga kwenye mililita 10 za maji, nivute mililita 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, nimpe, nyingine nimwage. Nivae glavu na barakoa, na Doto asikae karibu, kwa sababu dawa hii ilianza kama dawa ya saratani na unga wake si wa kuchezea. Basi kila alfajiri nilikuwa nakaa uani, upande ambao upepo unatoka, na kigoda na glasi na taa ya simu nimeibana shingoni. Doto alikuwa anachungulia dirishani anauliza kwa nini yeye hapewi juisi. Mwezi wa kwanza nilimwaga nusu iliyobaki kama nilivyoambiwa. Mwezi wa pili nilishindwa. Nilikuwa namwaga shilingi mia tano kila asubuhi. Nikaanza kuiweka kwenye friji ya duka hadi kesho yake. Sisemi nilifanya sawa.

Sasa ana kilo 18 na hesabu imekuwa nyepesi: kapsuli nzima siku tano za wiki, Alhamisi na Jumapili anapumzika. Kuna vidonge vya miligramu 100 duniani vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto kama yeye. Sijawahi kuviona kwa macho.

Daftari linasema hivi. Kuanzia Juni 2022 hadi Juni 2023: kulazwa mara moja, kuwekewa damu hakuna. Mwaka uliofuata: kulazwa mara moja, malaria. Mwaka uliofuata tena: hakuna, isipokuwa siku mbili za maumivu ya miguu tulizozimaliza nyumbani kwa maji ya uvuguvugu na dawa ya maumivu. Mwalimu wake wa darasa la kwanza alikuwa hajui kuwa anaumwa mpaka nilipomwambia.

Mtanijibu kwamba mama mmoja na daftari lake si utafiti. Sawa. Basi chukueni utafiti. Watoto 606 wa mwaka mmoja hadi kumi, wenye ugonjwa huu, walipewa dawa hii na kufuatiliwa katika vituo vinne: Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda. Watu walikuwa na hofu kwamba dawa inayopunguza chembe za damu ingewaua watoto wetu kwa malaria na maambukizi. Majibu yalipotangazwa Desemba 2018 yalikuwa kinyume. Kwa kila watoto 100 kwa mwaka, vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98 hadi 45, malaria kutoka 47 hadi 23, kuongezewa damu kutoka mara 43 hadi 14, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Miongoni mwa walioongoza kazi hiyo ni Profesa Léon Tshilolo wa Kinshasa na Dk. Peter Olupot-Olupot wa Mbale. Kilifi ni pwani yetu. Mbale ni jirani. Hawa ni watoto waliokula dagaa na ugali na kuumwa na mbu wale wale.

Na si mara ya kwanza damu ya huku kuifundisha dunia. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionesha kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja cha sikoseli, kama mimi, anakingwa kwa kiasi fulani na malaria. Ndiyo maana kinasaba hiki kimejaa kwenye nchi zenye mbu. Baadaye alipima damu za watu wa Musoma, ng'ambo ya ziwa hili hili. Muhimbili imefuatilia wagonjwa wa sikoseli tangu 2004, chini ya Profesa Julie Makani, kwa maelfu. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na tuko miongoni mwa nchi tano za juu duniani. Elimu tumechangia vya kutosha.

Sasa nizungumze bei, maana hapo ndipo ninapopajua.

Watu wengi wanapoandika kuhusu dawa ghali katika nchi kama yetu wanaanza na kampuni kubwa za nje na hataza zao, yaani haki ya kutengeneza dawa peke yao. Mara nyingi wana haki. Mwishoni mwa 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya kuhariri vinasaba kwa ajili ya sikoseli, na bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hiyo sitaigusa, mwenye duka Sengerema hana la kusema mbele ya namba ile. Lakini haidroksi haina mlinzi. Ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza Ujerumani mwaka 1869, miaka 15 kabla ya ule mkutano wa Berlin wa kutugawana. Marekani iliikubali kwa wagonjwa wa sikoseli mwaka 1998. Hataza zimekwisha siku nyingi, viwanda vya India vinaitengeneza, na kiwanda kimoja cha Nigeria nacho kinaitengeneza. Hata kama hataza ingekuwepo, nchi yetu imo kwenye kundi ambalo Shirika la Biashara Duniani halilidai kulinda hataza za dawa hadi Januari 2033. Kwa hiyo kwenye dawa hii mzungu wa kumlaumu hayupo. Tupo sisi.

Najua bei inavyopanda kwa sababu nami ni mmoja wa wanaoipandisha. Tuseme kapsuli imetua bandarini Dar kwa shilingi 300. Mwagizaji anaweka asilimia 30, inakuwa 390. Muuza jumla wa Dar anaweka 25, inafika karibu 490. Wa jumla wa Mwanza naye 25, tuko 610. Famasi inaweka 50, tumefika 915, na kwa kuwa chenji ni tabu tunasema 1,000. Hakuna mwizi katika mnyororo huo. Kila mmoja ana kodi ya pango, ana kijana wa kumlipa, na ana hofu ya mzigo kuisha muda ukiwa rafuni. Hiyo hofu ndiyo inayouma zaidi kwa dawa isiyotoka haraka. Panadol naweka faida ndogo kwa sababu inatoka kila saa. Dawa inayoulizwa na mtu mmoja kwa mwezi, nikiweka, lazima huyo mmoja alipie na woga wangu.

Miaka yote hii ya duka wakaguzi wamekuja, wamesoma leseni, wameangalia tarehe za kuisha muda, wamefungua friji. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimeweka faida kiasi gani. Nilifurahi, sidanganyi. Lakini nikiwa upande wa pili wa kaunta, Nje, na karatasi ya daktari mkononi, natamani angekuwepo wa kuuliza.

Hata hivyo dawa hii haitashushwa bei kwa kuwafukuza wauzaji. Itashuka ikinunuliwa kwa wingi na mnunuzi mmoja, na mnunuzi huyo tunaye, ni Bohari ya Dawa ya serikali. Nimejaribu kuelewa kwa nini haijai kwenye hospitali za wilaya, na nilielezwa na mfamasia mmoja mstaafu kwa lugha ninayoielewa. Kituo kinapeleka maoteo, yaani makadirio, ya mahitaji. Maoteo yanatazama matumizi ya nyuma. Dawa ambayo haijawahi kuwepo haina matumizi ya nyuma, basi inaandikwa kidogo au haiandikwi. Isipoandikwa haiagizwi. Isipoagizwa daktari anasema kanunue nje, na nilichonunua nje hakiingii kwenye kitabu cha hospitali. Kwa hiyo kapsuli 260 ambazo Kulwa anameza kwa mwaka, kwa hesabu za wilaya yangu, hazikumezwa na mtu.

Ningeendesha duka namna hiyo ningekuwa nimeshalifunga. Mteja akiuliza kitu mara tatu na sina, naandika kwenye daftari: kinaulizwa. Nawaomba kitu kidogo kama hicho. Kwa sikoseli maoteo yafanywe kwa kuhesabu watoto. Kliniki zina madaftari, na vipo vipimo vya haraka vya tone la damu vinavyoweza kufanyika wodi ya wazazi kabla mama hajaruhusiwa. Mkijua wilaya ya Sengerema ina watoto wangapi na wana kilo ngapi, hesabu ya kapsuli anaweza kuipiga hata mwanafunzi wa darasa la saba.

Kisha msinunue peke yenu. Bohari ya Dawa ilichaguliwa kuwa mnunuzi wa pamoja wa dawa kwa nchi za SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika. Kongo imo SADC na inakadiriwa huzaliwa huko watoto wapatao 40,000 wenye sikoseli kila mwaka. Angola imo. Sisi tumo. Sidhani kama kuna dawa nyingine duniani ambayo wateja wake wamekaa pamoja kwenye jumuiya moja kiasi hiki. Kenya na Uganda tunao kwenye Afrika Mashariki, na Kongo ilijiunga huko pia mwaka 2022. Mtu akiingia kiwandani na oda ya nchi tano, ya kapsuli za miligramu 500 na ya vidonge vya miligramu 100, hataulizwa kama ana uhakika wa kulipa. Ataulizwa mzigo anautaka lini.

Tumeshayaona haya yakitokea. Mwaka 2000 ARV, dawa za Ukimwi, za mwaka mmoja kwa mgonjwa mmoja zilizidi dola 10,000. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India, chini ya Yusuf Hamied, ilitangaza kuziuza kwa dola 350. Viwanda vikaongezeka, wanunuzi wakaungana, na mwaka 2023 Mfuko wa Dunia ulikuwa unazipata kwa chini ya dola 45. Hapa kwetu zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Nina wateja wanaotumia ARV, wanakuja kwangu kununua dawa za kikohozi, tunaongea. Hakuna hata mmoja anayejua ARV zinauzwa bei gani. Hawajawahi kuwa na sababu ya kujua. Nami natamani mama wa mtoto wa sikoseli asijue bei ya haidroksi.

Mheshimiwa Waziri wa Fedha, najua utauliza hela. Wakuu wa nchi za Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya, lakini sitakubana na ahadi ya watu waliokutangulia. Chukua daftari langu tu. Kapsuli 260 kwa bei ya Nje, ile ya 1,000, ni shilingi 260,000 kwa mwaka. Mwaka wa kulazwa mara sita ulikuwa 840,000, na hizo ni za mfuko wangu peke yake. Kitanda, nesi wa zamu ya usiku, mifuko ya damu na kupima usalama wake, hivyo ulilipa wewe. Wewe ndiye ulikuwa unapata hasara kubwa kuliko mimi, ila hukuwa na daftari.

Kuhusu bima nitasema kidogo. Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na wenzangu wengi wa kliniki walikuwa nayo. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, na maelezo yaliyotolewa hadharani yalikuwa kwamba wazazi wengi wanawakatia watoto ambao tayari ni wagonjwa. Ni kweli. Nami ningewakatia wangu kwa sababu hiyo hiyo, na kati ya wawili ningeanza na Kulwa. Novemba mwaka huo huo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ombi langu ni kwamba kwenye orodha ya dawa za kifurushi cha msingi, haidroksi na FBP yake viwemo, na viwemo kuanzia hospitali ya wilaya. Bima inayokubali dawa ambayo rafu haina inakuwa karatasi nyingine ya kwenda nayo Nje. Watoto chini ya miaka mitano wanatibiwa bure, tunaambiwa, na Kulwa alikuwa na miaka minne nilipomnunulia zile kapsuli kumi.

Na tafadhali wafundisheni walio chini. Ninasoma kwa furaha kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa imeanza kupandikiza uloto wa mifupa kwa watoto wa sikoseli. Ni jambo kubwa, na mtoto mmoja aliyepona ni mmoja. Lakini huku wilayani kuna matabibu wanaoiogopa haidroksi kwa sababu waliisoma kwenye ukurasa wa saratani. Nimewasikia wakimwambia mama aache. Wapeni mwongozo wa karatasi moja na namba ya daktari wa kumpigia. Na sisi wauza dawa muhimu mtufundishe kumtambua mtoto mwenye vidole vilivyovimba, kwa sababu anapitia kwetu kwanza, kila mara, kabla ya kufika kwenu.

Nilikuwapo kwenye umati tarehe 19 Juni 2025, Mheshimiwa Rais alipofungua daraja la Kigongo na Busisi. Sijui nani alichagua tarehe. Ni siku ya sikoseli duniani, na katika hotuba zote nilizozisikia siku ile neno hilo halikutajwa, wala sikutegemea litajwe. Siku ya daraja ni ya daraja. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi. Miaka minne ya kwanza ya Kulwa nimeikaa kwenye foleni ya kivuko kilichokuwepo hapo, tukienda Mwanza. Usiku mmoja tulifika Busisi kivuko cha mwisho kimeondoka, mtoto anaunguza, macho ya njano kama kiini cha yai, tukalala kwenye benchi la mama muuza samaki hadi alfajiri. Sasa tunavuka kilomita tatu za maji kwa dakika chache na Kulwa anahesabu nguzo. Nchi iliyoweza kufanya vile haiwezi kuniambia kapsuli imeishinda.

Jumanne tunakwenda kliniki. Atapimwa FBP, atapimwa uzito, na nadhani ameongezeka nusu kilo. Kwenye kopo kuna kapsuli kumi na moja, yaani wiki mbili na siku moja. Yule wa Dar anayenitumia kwa basi simu yake haipatikani tangu juzi. Jumatatu nitafunga duka saa sita nianze kuuliza Mwanza, nikianzia na lile la nne.

Wenu,
Mama Kulwa
Sengerema